Bwato la kuchonga, la mbao ao la fibra: tununue gani?

Ndani ya likelemba zetu nyingi kuna swali moja linalorudi: ikiwa tunatia pesa pamoja kwa kununua bwato la kubebea makala, ndizi na mihogo mpaka sokoni, tuchague la namna gani? Swali hili si la bei tu. Tarehe 3 Oktoba 2024 bwato lililotoka Minova lilizama mbele ya Kituku, likiwa limebaki kidogo kufika Goma, na watu wengi walikufa. Tangu siku ile kila nyumba ya pwani inajua kama bwato ni jambo la jamaa nzima. Basi tulinganishe.

Bwato la kuchonga

Hili ndilo la babu zetu. Fundi anachukua gogo moja na kulichimba kwa tezo, mara ingine kwa msaada wa moto. Halina viungo, kwa hiyo maji hayana pa kupita mpaka mti wenyewe upasuke. Likitunzwa, linadumu miaka mingi. Lakini ni zito, linayumba upesi, na upana wake hauwezi kupita upana wa mti. Tena miti ile minene imekwisha karibu na ziwa. Wavuvi wa sambaza wa Kivu walipata akili: wanafunga mabwato matatu pamoja kwa miti mirefu, ili yatulie na kubeba nyavu na taa usiku. Kwa uvuvi, ni vizuri. Kwa mizigo ya soko, halitoshi.

Bwato la mbao

Fundi analaza uti wa mgongo chini, anasimamisha mbavu, kisha anapigilia mbao juu ya mbavu hizo. Urefu na upana anachagua mwenyewe. Ugonjwa wa bwato hili uko kwenye viungo, kati ya ubao na ubao. Pale fundi anasindika pamba iliyosokotwa, kwa nyundo na patasi, halafu anapaka lami. Likiwa jipya linavuja kidogo siku za kwanza, mpaka mbao zinywe maji na kuvimba. Hiyo ni kawaida. Likiachwa juani wiki nyingi, mbao zinakauka na viungo vinafunguka.

Mambo mawili yanaliua mapema: mbao mbichi na misumari ya bei ya chini. Mikalitusi iko mingi kwetu, lakini inapinda na kupasuka wakati inakauka. Misumari isiyopakwa zinki inaliwa na kutu, na ubao unaharibika kuizunguka.

Bwato la fibra

Nyuzi za glasi, zilizofanywa kama kitambaa, zinatandikwa ndani ya kalibu na kuloweshwa kwa rezini, tabaka juu ya tabaka, mpaka zinakuwa ngumu. Bwato hili halina msumari, halina kiungo, haliozi. Ni jepesi pia, kwa hiyo motere inakunywa mafuta kidogo. Lakini bei ni kubwa, na likipasuka juu ya jiwe, seremala wa kijiji hana dawa. Linaomba rezini, mahali pakavu na fundi aliyejifunza. Vumbi lake linawasha ngozi na kuumiza mapafu.

Jaribio la beseni

Hili watoto wanaweza kulifanya nyumbani. Jazeni beseni maji, mtie mwiko wa mbao na kikombe cha chuma. Vyote viwili vinaelea. Sasa vizamisheni kwa mkono, kikombe kijae maji, halafu mwachilie. Mwiko unarudi juu, kikombe kinabaki chini.

Sababu ni hii: mbao nyingi ni nyepesi kuliko maji. Chuma na fibra ni nzito kuliko maji. Zinaelea kwa ajili ya hewa iliyo ndani tu. Bwato la mbao likijaa maji, mara nyingi bado mtu anaweza kulishika. La fibra lisilo na masanduku ya hewa linakwenda chini. Hata la mbao linaweza kwenda, ikiwa motere na mzigo ni vizito.

Wale wanaoteleza juu ya mawimbi ya bahari walipata dawa. Zamani kule Hawaii walitumia mbao tupu. Ubao mmoja wa Duke Kahanamoku ulikuwa na karibu kilo 50. Leo wengi wanaweka povu ngumu ndani na fibra juu, na chombo hakizami. Sisi tunaweza kutumia bido tupu zilizofungwa kabisa, zikakazwa kwa kamba chini ya viti. Bido moja ya litre 20 ikizamishwa inainua karibu kilo 19.

Tunavyoona sisi

Kwa pesa na mafundi tulio nao, tuchukue la mbao. Lakini mbele ya kutoa pesa, tuandikiane na fundi: mbao zilizokauka, misumari yenye zinki, bido 10 chini ya viti. Kila mwaka lipandishwe pwani, viungo vitiwe pamba upya. Kila anayepanda avae jile.

Tena tupake mstari wa rangi ubavuni. Maji yakifika kwenye mstari, hakuna mfuko mwingine unaoingia, hata ukiwa wa mwenyekiti wetu. Mbao, fibra ao chuma, hakuna bwato linaloshinda mzigo uliopita kipimo.