Kabla hujaunda programu, uliza jirani

Ukisikia mtu anasomea "nadharia za mifumo ya habari" unaweza kudhani hayo ni ya wenye digrii tu. Tulia. Ukiwa hapa Sarang'ombe, iwe ni Olympic, Kianda au Gatwekera, unayaona kila siku. Mimi chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha.

Swali la msingi ni hili: mbona watu hupokea teknolojia moja na kuisusia nyingine? Mwaka wa 1989, Mmarekani Fred Davis alisema tuangalie mambo mawili. Je, mtu anaona itamfaa? Na je, anaona ni rahisi kuitumia? Mwaka wa 2003, yeye na wenzake wakiongozwa na Viswanath Venkatesh wakaongeza mengine: watu wako wa karibu wanasemaje, na kuna nini cha kukusaidia uitumie?

Sasa pima na M-Pesa. Majaribio ya 2005 yalilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu. Kumbe wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao! Safaricom ilipoizindua Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiko kulikotangazwa. Wakala naye akawa kila kona. Lakini Afrika Kusini ilianza 2010 na kufungwa 2016. Huko wengi walikuwa na akaunti za benki tayari, hivyo hawakuona pengo kubwa la kuzibwa.

Utafiti mpya nao unauliza jambo linalotugusa zaidi: data ya mtaa ni ya nani? Mwaka wa 2009, Kibera ilikuwa kama doa tupu kwenye ramani za intaneti. Ndipo vijana wa hapa, kupitia mradi wa Map Kibera, wakatembea na vifaa vya GPS wakiandika vichochoro, vyoo, maji na kliniki. Ramani ikajaa. Lakini kujaa kwa ramani si sawa na mama wa ploti kufaidika nayo.

Kwa hivyo, mtu akibisha mlangoni na fomu ya maswali, mjibu ukitaka, lakini muulize pia: majibu yangu yanaenda wapi, na matokeo tutayaona lini?

Na kama unataka kuunda programu yako, usianze na kodi. Chukua ile moja ambayo majirani waliifuta kwenye simu, uwaulize watu watano maswali mawili ya Davis. Andika majibu yao kwenye daftari. Hapo utakuwa umeanza utafiti, na hukulipa karo.