Mbavu za Ng'ombe: Kutoka kwa Simu Hadi kwa Sahani ya Mtoto

 

Siku hizi kina mama huja kliniki na simu mkononi, wakinionyesha mapishi ya mbavu za ng'ombe waliyoyapata kwenye intaneti. "Sista, hii naweza kumpikia mtoto?" Unaweza, mama. Lakini usiyafuate kama yalivyoandikwa.

Ukitafuta kwa simu, andika "mbavu za ng'ombe", au kwa Kiingereza "short ribs". Usivutwe na picha; angalia kwanza muda wa kupika. Mapishi ya dakika 20 ni ya mbavu zilizokatwa nyembamba sana, kama wanavyokata Wakorea. Zile za buchari zetu hapa Kisii, Keroka au Nyamira ni nene, na nyama yake ina nyuzi ngumu. Zinataka saa 2 na nusu hadi 3.

Vipimo navyo ni vya kigeni. Paundi 1 ni karibu gramu 450, yaani nusu kilo kasoro kidogo. Ukiambiwa oveni ya 325, hiyo ni Farenhaiti, na wengi wetu hatuna oveni. Tumia sufuria nzito au chungu. Kaanga mbavu zigeuke rangi, weka kitunguu na nyanya, ongeza maji yafike nusu ya nyama, funika vizuri, kisha punguza makaa. Zitokote polepole. Maji yakikauka, ongeza ya moto. Zimeiva nyama inapoachana na mfupa bila kuvutwa.

Mapishi mengi ya ng'ambo huweka divai. Iache, kwa maana pombe haiishi yote kwa kupikwa. Nyanya na ndimu zitatoa ule uchachu. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1 usimwekee chumvi wala vile vidonge vya supu, na asali asionje kabisa, maana inaweza kumletea sumu hatari. Toa sehemu yake kwanza, ndipo uwatilie wengine chumvi.

Sasa sikiliza hapa, mama. Nyumba nyingi mtoto hupewa supu, nyama inaenda kwa wakubwa. Supu hiyo ni tamu, lakini madini ya chuma, yanayotengeneza damu, yamebaki kwenye nyama. Mtoto anayeshiba maji ya mbavu ameshiba maji! Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wale nyama, samaki au mayai kila siku. Najua bei ya nyama. Lakini mtoto wa miezi 6 hahitaji kilo. Kijiko kimoja cha nyama iliyosagwa katika uji mzito au ugali wa wimbi uliolainishwa ni kitu kikubwa kwake. Hata akila na chinsaga, nyama husaidia mwili kuchukua chuma kilicho ndani ya mboga. Chai ya majani hufanya kinyume, nasi huku tunaipenda mno. Mtoto mdogo asipewe.

Mchinjaji wetu hukata kwa shoka, na vipande vidogo vya mfupa hubaki. Chuja supu kwa kichujio, chambua nyama kwa vidole vilivyonawa kwa sabuni, uponde au uikatekate sana. Usimpe mtoto mdogo mfupa anyonye ili anyamaze.

Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Ya ng'ombe aliyekufa mwenyewe usiiguse hata ukipewa bure na jirani. Inaweza kuwa na kimeta, na kuchemsha kwa kawaida hakuui mbegu za ugonjwa huo.

Ikibaki, usiiache usiku kucha juu ya jiko. Kama huna friji, pika ya kumalizika siku hiyo.

Na kabla sijaaga, fungua kiganja cha mtoto wako ukilinganishe na chako. Kikiwa cheupe kuliko kawaida, au mtoto amelegea na hataki kucheza, usingoje mbavu ziive. Mlete kliniki leo, na kile kijitabu chake cha afya ukibebe.

Kwaherini.