Je, wajua kitambi nacho hutoa homoni?

Bana nyama ya tumbo lako kwa vidole viwili. Mafuta hayo, kwa miaka mingi wataalamu waliyaona kuwa ghala tu: ukila kupita kiasi yanajaa, njaa ikibisha hodi yanapungua. Kumbe ghala lenyewe lina sauti.

Waliotoboa siri ni panya. Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson huko Maine, Marekani, walionekana panya waliokula bila kushiba hadi wakawa kama mipira yenye mikia. Baadaye mtafiti wa hapo, Douglas Coleman, alimshona panya mnene wa namna hiyo na panya wa kawaida, ubavu kwa ubavu, damu zao zikachanganyika. Yule mlafi akapunguza kula. Basi damu ya mwenzake ilikuwa na kitu ambacho yeye alinyimwa tangu kuzaliwa. Kitu chenyewe kilijulikana 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa New York walipoipata jeni yake: ni leptini, homoni inayotoka kwenye seli za mafuta na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo.

Mbona basi mwenye kitambi husikia njaa? Leptini anayo tele. Ubongo wake umeizoea, hausikii tena.

Kuna na adiponektini, ambayo mimi naiona ya ajabu zaidi. Hii huisaidia misuli na ini kuiitikia insulini, ile homoni ya kongosho inayoitoa sukari kwenye damu. Hutoka kwenye mafuta, lakini mafuta yakizidi, hasa yale yanayozunguka utumbo, adiponektini hupungua. Seli zilizovimba huanza kumwaga kemikali za uvimbe, insulini inabisha mlango na hakuna anayefungua. Kongosho linaongeza insulini, linaongeza, mwishowe linachoka. Sukari inapanda.

Usikimbilie kuyachukia mafuta, lakini. Wapo watu wachache wanaozaliwa karibu bila mafuta kabisa, misuli imechoreka kama ya mwanariadha. Wengi wao huugua kisukari kikali wakiwa bado vijana, kwa kuwa mafuta ya chakula, yakikosa ghala, hujazana kwenye ini na misuli. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha dawa kwa ajili yao. Ni sindano ya leptini.