Nani Alipie Baridi ya Maiti?

Kwetu mtu akifa, sanda yake hutolewa kwanza katika mali yake mwenyewe. Akiwa hana, huwapasa wale waliowajibika kumlisha. Nao wasipoweza, ni juu ya Waislamu. Kazi huisha siku ile ile. Lakini Marekani, msomaji, ziko maiti ambazo gharama yake haina mwisho.

Nawanena wale wanaogandishwa baada ya kufa, kwa tamaa ya kuwa matabibu wa karne zijazo watawarudishia uhai. (La kufufua tumwachie Mwenye kufufua; leo nauliza habari ya fedha.) Maiti hutiwa katika pipa la nitrojeni ya majimaji, baridi ya digrii 196 chini ya sufuri. Nitrojeni hiyo huvukiza, ikabidi kuongezwa mwaka nenda mwaka rudi.

Wa kwanza, James Bedford, aligandishwa Januari 1967. Chama cha California kilichomgandisha kikawapokea na wengine, kwa ahadi za jamaa kutoa kidogo kidogo. Jamaa walitoa, kisha wakachoka. Mwaka 1979 ikafichuka kwamba maiti waliowekwa Chatsworth walikwisha kuyeyuka zamani.

Tangu hapo sharti ni kulipa zote kwanza. Shirika la Alcor, Arizona, liliwahi kutaka si chini ya dola 200,000 kwa mwili mzima, na kiasi cha 80,000 kwa kichwa peke yake. Sehemu yake huwekwa izalishe, na pato ndilo linunualo nitrojeni. Waama ni kama wakfu. Wengi hulipa kwa bima ya maisha, wakianza wangali wazima. Ndipo wajitapapo wanaosema kila mtu ajitegemee.

Lakini bima haimtaki mgonjwa. Mwaka 2012 binti mmoja wa miaka 23, mwenye saratani ya ubongo, aliomba hadharani achangiwe. Wako waliomkejeli, na wako waliotoa. Akafariki Januari 2013, akahifadhiwa.

Mimi barafu siitaki hata ya bure, ila sioni aibu ya binti yule. Waliomchangia walitoa mara moja, zikatimia. Wale wa Chatsworth waliachiwa ahadi. Aibu iko kwa aliyezipokea ahadi akazihesabu kuwa fedha.

Na Bedford? Jamaa zake walimwondoa mapema mikononi mwa chama kile, wakamgharamia wenyewe miaka mingi. Yupo Arizona hadi leo.