Sakitu na Bustani za Vinyungu

Kati ya mwezi Juni na Agosti, wakulima wa Njombe, Makete na Mufindi huamka asubuhi fulani na kukuta majani ya viazi na maharage yamefunikwa na ungaunga mweupe. Jua likipanda, weupe huo huyeyuka, na kabla ya adhuhuri majani huwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Hiyo ndiyo sakitu. Aghalabu husemwa kwamba huletwa na upepo wa baridi. Kwa kweli mambo ni kinyume chake: sakitu ya nyanda za juu huja usiku mtulivu, usio na upepo wala mawingu.

Mchana ardhi hupokea joto la jua, na usiku hulirudisha angani kwa njia ya mnururisho. Mawingu yakiwapo, huzuia sehemu ya joto hilo na kulirudisha chini, mithili ya blanketi. Wakati wa kipupwe anga huwa safi na hewa kavu, hivyo joto hupotea bila kizuizi, na majani hupoa hata kuliko hewa inayoyazunguka. Ndiyo sababu kipimajoto kilichotundikwa kwenye kimo cha mtu huweza kuonyesha nyuzi 3 za Sentigredi juu ya sifuri, ilhali jani lililo karibu na ardhi limekwisha kuganda.

Hewa iliyopoa ni nzito. Huteremka mlimani polepole kama maji na kutuama mabondeni. Nako mabondeni ndiko viliko vinyungu, zile bustani za kiangazi ambazo jamaa nyingi huzitegemea kwa mboga, viazi na mahindi mabichi wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Hivyo mahali panapotunza maji ndipo panapotunza baridi.

Ndani ya mmea, barafu huanza kufanyika katika nafasi zilizo nje ya seli. Barafu hiyo huvuta maji yaliyomo ndani ya seli, na seli iliyopungukiwa maji kupita kiasi utando wake huharibika ikafa. Majani ya kiazi hayavumilii zaidi ya nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri. Kabichi na karoti zilizozoeshwa baridi kidogo kidogo hustahimili zaidi, kwa kuwa hukusanya sukari katika seli zake, na maji yenye sukari huchelewa kuganda. Utamu wa karoti za baridi una maana hiyo.

Huko Uingereza mchana hupungua kutoka saa 16 na zaidi hadi chini ya saa 8, nayo miti huipokea dalili hiyo, hudondosha majani na kulala. Katika Njombe tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi ni kama saa 1 tu. Mimea haipati onyo kubwa. Hukutwa na sakitu ingali mibichi na ikikua.

Kwa sababu hiyo si kila shauri la vitabu vya bustani vya Ulaya linafaa kufuatwa. Vitabu hivyo huagiza matuta yafunikwe kwa matandazo mazito kabla ya majira ya baridi. Ni shauri jema pale ambapo mmea umelala na kinachohifadhiwa ni mizizi. Kwenye kinyungu chenye viazi vibichi, matandazo makavu huzuia joto la udongo lisiyafikie majani usiku, na majani yaliyo juu yake hupata baridi kali zaidi. Udongo ulio wazi, usio na magugu, ulioshindiliwa kidogo na wenye unyevu, hupokea joto jingi mchana na kulitoa usiku kucha. Basi yafaa matandazo yasogezwe kando ya mistari mwishoni mwa Mei, na bustani inyweshwe mchana wa siku ambayo jioni yake inaonyesha anga safi na utulivu.

Mbolea ya naitrojeni isitiwe karibu na kipupwe, maana huchipuza majani laini ambayo ndiyo ya kwanza kufa. Kichaka au ua mnene ulio upande wa chini wa bustani utobolewe, ili hewa baridi ipate njia ya kutoka. Ua wa upande wa juu uachwe, kwani huielekeza kwingine. Miche ya kitaluni ifunikwe jioni kwa kichanja cha nyasi kisichogusa majani, na kufunuliwa asubuhi jua linapochomoza. Kuhusu desturi ya kuchoma takataka ili moshi ufunike bonde, faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwani chembe za moshi ni ndogo mno kuzuia joto linalotoka ardhini. Kinachosaidia kidogo ni joto la moto wenyewe.

Miche ya parachichi, ambayo siku hizi imeenea sana mkoani Njombe, ijengewe vibanda vya nyasi katika miaka yake ya mwanzo. Ikipigwa na sakitu, matawi meusi yasikatwe upesi. Yaachwe mpaka machipukizi mapya yaonekane, ndipo sehemu iliyo hai ijulikane. Na majani yaliyokauka, maadamu yangali juu, huyakinga kidogo yale ya chini dhidi ya sakitu nyingine, ambayo huweza kurudi kabla ya Agosti kwisha.