Kocha aliyeanza kazi akiwa bado mchezaji

Aliyezoea soka yetu akiitazama futiboli ya Marekani mara ya kwanza hukereka. Mpira unachezwa sekunde chache, unasimama, watu wanajipanga upya. Kumbe kazi ya akili hufanyika hapo hapo kwenye kusimama, na ndiyo inayoeleza jinsi DeMeco Ryans alivyopata ukocha mkuu wa Houston Texans.

Ryans, mzaliwa wa Bessemer, Alabama, alisajiliwa na Texans mwaka 2006 na papo hapo akatwaa tuzo ya mlinzi bora chipukizi wa ligi. Alikuwa lainibeka wa kati, mlinzi anayesimama nyuma ya mapande ya watu wa safu ya mbele. Tangu 2008 mlinzi mmoja tu huruhusiwa kuwa na redio ndani ya helmeti, akitambulika kwa kidoti cha kijani kisogoni, na mara nyingi ni huyo lainibeka. Kocha humpa mpango, yeye huwapasha wenzake kumi. Zikibaki sekunde 15 kabla ya muda wa kuanzisha mpira kwisha, redio hukatwa. Kuanzia hapo, mpinzani akihama upande, ni yeye wa kupaza sauti: huyu asogee, yule arudi nyuma. Huo ni ukocha mtupu, ila mwenye kuufanya anasubiri kugongwa.

Mwili ndio uliomwangusha. Mwaka 2010 kano ya kisigino cha kushoto ilikatika. 2012 akahamia Philadelphia Eagles. Novemba 2014 ikakatika ya kulia, tena kwenye uwanja ule ule wa Houston. Baada ya msimu wa 2015 hakucheza tena.

Mwaka 2017 Kyle Shanahan, aliyekuwa kwenye benchi la ufundi la Texans enzi za Ryans, alimchukua San Francisco 49ers. Hakupewa cheo cha kumpendeza mtu maarufu. Alianzia ngazi ya chini kabisa ya benchi. Mwaka uliofuata akawa kocha wa malainibeka, na 2021 akakabidhiwa ulinzi wote. Msimu wa 2022 hakuna timu iliyoruhusu pointi chache kuliko yake.

Texans, waliokuwa wamefukuza makocha wawili ndani ya miaka miwili na kushinda mechi 3 tu kati ya 17, wakamrudisha nyumbani 2023. Msimu wa kwanza: ushindi mara 10 na ubingwa wa kundi. Wapo wanaosema sifa ni ya kwotabeki chipukizi, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, C.J. Stroud, na hawajakosea sana. Lakini kwenye mchujo, Texans walipoichapa Cleveland Browns 45–14, walinzi wao walinasa pasi mbili na kuzikimbiza hadi mwisho wa uwanja, Stroud akiwa ameketi benchi. Mmoja wa wanasaji hao, Christian Harris, ni lainibeka.