Usichome Hadithi Yako ya Zamani



Mwezi huu tuongee juu ya madaftari ya zamani. Mama mmoja wa hapa kwetu Gatumba alinifuata baada ya masomo na madaftari manne ndani ya mfuko wa plastiki. Ni riwaya aliyoiandika angali Uvira, kabla ya kukimbia. Akaniuliza: "Mwalimu, si afadhali niwashie moto haya, nianze mapya? Mwandiko ni mbaya, na mimi mwenyewe nimebadilika."

Nikamwomba siku tatu niyasome. Kweli, makosa yamo. Mjomba anakufa sura ya tatu, sura ya saba anaomba chai! Lakini mle ndani mna soko la Kalimabenge, namna wamama walivyopima ndagala, na maneno ya bibi yake. Nikamuuliza: "Mama, leo ungeyakumbuka yote haya?" Akanyamaza. Kisha akasema: "Mengine nilikuwa nimeshayasahau."

Hata waandishi wakubwa walirudia kazi za zamani. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki mwaka 2025, aliandika riwaya yake ya kwanza akiwa mwanafunzi Makerere, Kampala, kwa ajili ya shindano la East African Literature Bureau. Aliiita The Black Messiah. Baadaye akaandika nyingine, Weep Not, Child. Mwaka 1962, waandishi wa Afrika walipokutana Makerere, akampa Chinua Achebe muswada huo, nayo ikatoka mwaka 1964. Je, ile ya kwanza aliitupa? Hapana. Aliirudia, na mwaka 1965 ikatoka kwa jina la The River Between. Basi aliyezaliwa wa kwanza alitoka nyumbani wa pili.

Kama na wewe una muswada wa zamani, fanya hivi:

1. Usome wote bila kushika kalamu. Usianze kusahihisha ukurasa wa kwanza, utachoka.
2. Kila sura iandikie mistari miwili: nani, wapi, kumetokea nini. Hapo ndipo utamkamata mjomba aliyefufuka.
3. Wasomee watu wa nyumbani kwa sauti. Wakianza kusinzia, punguza.
4. Nakili upya kwa mwandiko safi. Usitume kamwe nakala ya pekee.
5. Kabla ya kutuma, soma masharti vizuri: urefu, tarehe, na nani anaruhusiwa. Kwa mfano, Tuzo ya Mabati-Cornell ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014, na mmoja wa waanzilishi akiwa Mukoma wa Ngugi, mtoto wa Ngũgĩ, ilikuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa.

Ukianza upya kabisa, utaandika ya leo tu. Yale ya nyumbani, uliyoyaandika ukiwa bado unayaona kwa macho, nani atakurudishia?

Yule mama ameshanakili sura mbili. Ameniambia mjomba sasa hafi mpaka sura ya tisa, na chai yake atakunywa kwanza.